TANGI DOGO LA MATUMBAWE: MAJI KWANZA, SAMAKI BAADAYE

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu, wanafunzi na wananchi wanaotaka kuanza kufuga samaki wa bahari na matumbawe ndani ya tangi la kioo. Wasomaji wanashauriwa kuyahifadhi kwa marejeo.

Mtu aliyezaliwa visiwani hana haja ya kuelezwa uzuri wa miamba ya matumbawe. Siku za bamvua, maji yanapokupwa, mtoto wa pwani huona ndani ya vidimbwi samaki wa kila rangi, kaa wadogo, viti vya pweza na matumbawe yenyewe yakiwa yamechanua chini ya maji. Si ajabu, basi, kwamba wapo wanaotamani kuuleta uzuri huo ndani ya nyumba au darasani. Tamaa hiyo si mbaya. Mzee asiyeweza tena kuingia majini, na mtoto wa shamba asiyepata kuvaa miwani ya kuzamia, wote wawili wanaweza kujifunza mengi mbele ya kioo.

Hata hivyo, inafaa ieleweke mapema kwamba jambo hili likifanywa kwa pupa huishia pabaya. Mwenendo wake unajulikana. Siku ya kwanza hununuliwa tangi, huchotwa maji pwani, na hutiwa samaki watano waliotoka kwenye dema. Jioni nyumba nzima hukusanyika kutazama. Siku ya tatu samaki huonekana wakitweta juu ya maji. Siku ya tano wamekufa wote, maji yananuka, na watu husema kuwa samaki wa bahari hawafugiki. Kauli hiyo si sahihi. Samaki hao walikufa kwa sumu ya uchafu wao wenyewe, kwa kuwa ndani ya tangi hapakuwa na kitu chochote cha kuuondoa.

Hilo ndilo jambo kubwa la mazungumzo haya. Anayeanza kazi hii hafugi samaki; anafuga maji. Maji yakiwa mazima, samaki ataishi. Maji yakiwa mabovu, hakuna dawa wala chakula kitakachomwokoa.

HISTORIA KWA UFUPI

Ufugaji wa viumbe vya bahari ndani ya vyombo vya kioo si jambo geni. Mnamo mwaka 1846 bibi mmoja wa Kiingereza, Anna Thynne, aliokota matumbawe katika pwani ya Torquay akayachukua mpaka London, mji ulio mbali na bahari. Maji ya bahari yalikuwa adimu, hivyo hakuweza kuyabadilisha kila mara. Alichofanya ni kumwagiza mtumishi wake wa nyumbani ayamimine maji hayo kutoka chombo kimoja hadi chengine mbele ya dirisha lililo wazi, kila siku, ili yapate hewa. Baadaye alitia mimea ya baharini ndani yake. Matumbawe yale yaliishi kwa miaka. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa ajili ya watu wote.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Lee Chin Eng wa Indonesia alionyesha njia nyepesi zaidi. Alitumia mawe yaliyotoka mwambani yakiwa na viumbe vidogo ndani yake, mwanga wa jua na mapovu ya hewa tu, na tangi lake likastawi. Funzo la watu wawili hao ni moja: hewa, mwanga na viumbe vidogo vinavyosafisha maji ndiyo nguzo za kazi hii. Mitambo ya leo inasaidia nguzo hizo, lakini haiwezi kuchukua nafasi yake.

MAHALI NA VYOMBO

Watu wengi hudhani kwamba tangi dogo kabisa ndilo jepesi kwa anayeanza. Ukweli ni kinyume chake. Katika lita 20 za maji, samaki mmoja akifa bila ya kuonekana, sumu huenea kwa saa chache, na joto la mchana hupandisha maji upesi. Katika lita 100 kosa hilo hilo huchukua muda mrefu zaidi kudhuru, na mwenye tangi hupata nafasi ya kulirekebisha. Kipimo kinachofaa ni tangi lenye urefu wa sentimita 80, upana wa 35 na kimo cha 40. Hilo huchukua lita 112 likijazwa pomoni, na baada ya kutiwa mawe na mchanga hubaki lita 90 hivi za maji.

Uzito nao uzingatiwe. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa zaidi ya kilo moja kidogo. Maji, mawe, mchanga na kioo kwa pamoja hukaribia kilo 150. Meza ya kawaida ya chakula haifai. Litengenezwe jukwaa la mbao ngumu au chuma, lipimwe kwa timazi, na lisimame juu ya sakafu imara.

Tangi lisiwekwe karibu na dirisha linalopigwa na jua, kwa sababu mwani utaota kwa wingi na maji yatachemka. Lisiwekwe jikoni penye moshi. Aidha, wananchi wanatahadharishwa juu ya dawa za kupulizia mbu na mende. Dawa hizo ni hatari kwa samaki, na zaidi kwa kamba na kaa. Chumba chenye tangi kisipuliziwe dawa, na anayetaka kutia mkono ndani ya maji aunawe kwanza kwa maji matupu, usiwe na mafuta, sabuni wala manukato.

Vyombo vya lazima si vingi. Inahitajika pampu ya kuzungusha maji, yenye uwezo wa lita 1,000 hadi 2,000 kwa saa kwa tangi la kipimo hicho, kwa maana matumbawe hayawezi kuishi katika maji yaliyolala. Inahitajika taa ya LED inayofaa matumbawe. Vinahitajika kipimajoto, haidromita ya kupimia chumvi, na vifaa vya kupimia amonia, naitriti na naitreti. Mtambo wa kutoa uchafu kwa povu ni msaada mzuri, ingawa tangi dogo linaweza kuendeshwa bila ya huo iwapo sehemu ya maji itabadilishwa kila wiki bila kukosa.

Katika nchi za baridi kifaa cha kupasha maji moto ni cha lazima. Hapa visiwani tatizo ni joto. Maji ya tangi yanatakiwa yawe kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi, na wakati wa kaskazi chumba kinaweza kuzidi nyuzi 30. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha joto kwa nyuzi moja hadi tatu. Juu ya tangi utandazwe wavu mwembamba badala ya kifuniko cha kioo, ili joto litoke na samaki wasiruke nje.

Kuhusu umeme, kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda tena na kuingia humo. Hivyo tone la maji ya chumvi likiteremka na waya litaanguka sakafuni, halitafika kwenye umeme. Kabla ya kutia mkono ndani ya tangi, vyombo vyote vizimwe.

MAWE NA MCHANGA

Mawe ndani ya tangi hayawekwi kwa ajili ya pambo. Vitundu vyake ndivyo makao ya bakteria wanaosafisha maji. Kwa tangi lililotajwa, kilo 10 hadi 12 za mawe yenye vitundu vingi zinatosha.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kwenda mwambani na nyundo. Ndugu Wananchi, matumbawe ya mviringo hukua kwa kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Tumbawe la ukubwa wa mpira wa miguu limechukua miaka kumi au zaidi kufika hapo, na nyundo hulimaliza kwa dakika moja. Ndani na pembezoni mwake walikuwamo samaki wadogo ambao kesho wangekuwa kitoweo cha watu.

Hakuna haja ya kufanya hivyo. Sehemu kubwa ya ardhi ya Unguja ni mwamba wa matumbawe ya kale yaliyokufa maelfu ya miaka iliyopita, na ndiyo mawe yaliyojengea nyumba za Mji Mkongwe. Huko Florida, nchini Marekani, mawe ya aina hiyo huchimbwa nchi kavu na kuuzwa kwa wenye matangi. Jiwe kavu la namna hiyo, lisilo na chokaa ya ujenzi, saruji wala rangi, lisuguliwe kwa brashi ngumu, liloekwe ndani ya maji baridi kwa wiki kadhaa huku maji yakibadilishwa, kisha lianikwe. Litakuwa halina uhai siku ya kwanza, lakini bakteria watahamia humo wenyewe.

Mawe yapangwe juu ya kioo cha chini kwanza, kisha ndipo umwagwe mchanga. Yakipangwa juu ya mchanga, kaa huchimba na mawe huporomoka. Yaachwe mapango na mianya ya samaki kujificha, na nafasi ya vidole viwili kati ya mawe na kioo ili kioo kiweze kusafishwa. Mchanga mweupe wa matumbawe, uliooshwa mpaka maji yake yatoke safi, uwekwe kwa kina cha sentimita mbili au tatu.

MAJI NA CHUMVI

Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo moja. Kwenye haidromita kipimo hicho huonekana kuwa kati ya 1.024 na 1.026.

Anayekaa karibu na bahari safi anaweza kutumia maji ya bahari yenyewe, kwa masharti. Yachotwe kwa chombo nje ya mwambao, maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari, mifereji na mahoteli. Yasichotwe wakati wa masika au baada ya mvua kubwa, kwani maji ya juu huwa yamepungua chumvi na yamebeba uchafu wa nchi kavu. Yachujwe kwa kitambaa safi, yatiwe kwenye pipa la plastiki ambalo halijawahi kutiwa mafuta ya taa wala dawa, yafunikwe na kuwekwa gizani kwa wiki mbili. Kisha yapigwe hewa kwa siku moja kabla ya kutumika.

Aliye mbali na bahari hutumia chumvi maalumu ya matangi, inayochanganywa na maji yaliyosafishwa. Chumvi ya jikoni haifai hata kidogo. Chumvi inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi ni sehemu moja tu ya vitu vilivyomo baharini. Madini mengine ambayo matumbawe huyahitaji, kama magnesi, hubaki nyuma katika maji yanayomwagwa. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini hayafai kutiwa yalivyo, wala maji ya betri za gari.

Tena kuna jambo ambalo huwatatiza wengi. Maji ya tangi hupungua kila siku kwa kupanda mvuke, na chini ya feni tangi hili linaweza kupoteza lita moja au zaidi kwa siku. Kinachopanda ni maji matupu, chumvi hubaki. Kwa hiyo kinachorudishwa kila asubuhi ni maji baridi yaliyosafishwa, kamwe yasiwe ya chumvi. Mwenye kujazia maji ya chumvi kila siku atajikuta baada ya wiki chache tangi lake limekuwa kali kuliko bahari, na viumbe vyake vimenyauka bila ya yeye kujua sababu.

WIKI SITA ZA SUBIRA

Sasa tangi limejaa, pampu inazunguka, maji yanameremeta, na hamu ya kutia samaki ni kubwa. Hapa ndipo subira inapotakiwa zaidi kuliko mahali pengine popote.

Kila kiumbe hai hutoa uchafu. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki huoza na kuwa amonia, ambayo ni sumu kali. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitriti, ambayo bado ina madhara. Kuna bakteria wengine wanaoigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo haina ukali mkubwa ikiwa kidogo, na hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Katika tangi jipya bakteria hao hawapo kwa idadi ya kutosha. Hapana budi wakuzwe kwanza, na kwa kawaida kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita.

Njia nyepesi ni kutia kipande cha kamba mbichi, ukubwa wa ncha ya kidole, na kukiacha kioze. Wiki ya kwanza amonia itapanda. Wiki ya pili au ya tatu amonia itaanza kushuka na naitriti itapanda. Mwisho zote mbili zitashuka hadi sifuri, na naitreti itaonekana. Vipimo vichukuliwe kila baada ya siku mbili na kuandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe. Kwa walimu wa sayansi, daftari hilo peke yake ni somo zima: wanafunzi wataona kwa namba jambo ambalo macho hayalioni.

Katika kipindi hicho mawe yatapata utando wa rangi ya kahawia, na baadaye mwani wa kijani. Asiwepo wa kufadhaika wala kumwaga maji. Hiyo ni dalili kwamba tangi linaanza kuishi.

Tangi litahesabiwa kuwa tayari pale amonia na naitriti zitakapobaki sifuri kwa wiki nzima. Hapo ibadilishwe robo ya maji, na ndipo viumbe wa kwanza waingie. Waliosema subira huvuta heri hawakuwa na tangi la samaki, lakini maneno yao yanafaa kuandikwa juu yake.

VIUMBE WA KWANZA

Wanaotangulia si samaki. Wanaotangulia ni wasafishaji: konokono wadogo wa baharini wanaokula mwani, watano au sita, na kaa wadogo wawili au watatu wa wale wanaoishi ndani ya maganda ya konokono. Wakae wiki mbili, na vipimo viendelee kuchukuliwa.

Baada ya hapo waingie samaki wawili, wadogo na wavumilivu. Wanaofaa zaidi ni samaki wa anemoni, na heri ni wale waliozaliwa na kulelewa ndani ya matangi, ambao leo wanapatikana kwa biashara katika nchi nyingi. Hao huwa wamekwisha kuzoea chakula cha mkono na hawakupunguza kitu baharini. Katika miamba ya Unguja na Pemba anaonekana mmoja wa jamaa zao, mwenye rangi ya machungwa na mstari mweupe mgongoni tangu mdomoni hadi mkiani. Samaki hawa wote huzaliwa wakiwa madume. Katika kundi mkubwa kuliko wote hugeuka kuwa jike, na akifa, dume linalomfuata huchukua nafasi yake. Wala si lazima wawe na anemoni ndani ya tangi. Anemoni ni kiumbe mgumu kufuga, hutembea, huingia kwenye pampu na kufa, na akifa huharibu maji yote. Anayeanza amwache baharini.

Wiki mbili au tatu baadaye anaweza kuongezwa samaki mmoja mdogo wa chini, asiyezidi sentimita 10 atakapokua, na baadaye mmoja mwengine. Kwa tangi la lita 90, samaki wanne wadogo ndio mwisho.

Wapo samaki wasiofaa kabisa, hata wakiwa wadogo na wazuri wanapopatikana. Kangaja anahitaji nafasi ya kuogelea ambayo tangi hilo halina. Kikande huwala wenzake na kung'ata waya. Bunju hukua, na ana sumu. Mkunga hutoka nje usiku. Samaki kipepeo wengi hula matumbawe yenyewe, na wakikosa hayo hufa kwa njaa. Yule samaki mwembamba anayewasafisha wenzake mwambani hutegemea wadudu wa miili yao, naye hudhoofika upesi ndani ya tangi.

Kila samaki mpya akae kwanza peke yake katika chombo chengine kwa wiki nne, ili ionekane kama ana maradhi ya madoa meupe, ambayo yakiingia tangini huenea kwa wote. Dawa zenye shaba hutumika kutibu maradhi hayo, lakini zitumike katika chombo hicho tu. Ndani ya tangi lenye matumbawe, kamba na konokono, shaba huua wote. Wakati wa kumhamisha, mfuko wake uelee juu ya maji kwa dakika 15 ili joto lilingane, kisha maji ya tangi yadondoshwe ndani yake taratibu kwa muda wa nusu saa hadi saa moja. Mwisho samaki atolewe kwa chombo, na maji ya mfuko yamwagwe nje.

MATUMBAWE

Tangi likitimiza miezi mitatu au minne bila ya misukosuko, laweza kupokea tumbawe la kwanza. Inafaa ieleweke kwamba tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Kwa sababu hiyo tumbawe linahitaji mwanga wa saa nane hadi kumi kila siku, kwa wakati ule ule.

Joto likizidi kawaida ya msimu kwa nyuzi moja tu kwa wiki kadhaa, urafiki huo huvunjika: mwani hutoka, na tumbawe hubaki jeupe kama chokaa. Lisipopoa mapema, hufa. Hayo yalitokea baharini mwaka 1998, ambapo sehemu kubwa ya matumbawe ya Bahari ya Hindi ilipauka, Afrika Mashariki ikiwemo. Yakarudi mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Mwanafunzi anayeiona feni ikishusha maji ya tangi kutoka nyuzi 29 hadi 27 ataelewa kwa nini jambo hilo linawashughulisha wataalamu, na kwamba bahari haina feni.

Anayeanza atafute vipande vya matumbawe laini vilivyokatwa kutoka kwenye matumbawe yaliyolelewa. Kipande cha urefu wa kidole, kikigandishwa juu ya jiwe, hushika na kukua. Matumbawe magumu yasubiri mwaka wa pili, kwa kuwa yanahitaji kalsiamu ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita na upimaji wa kila wiki.

Tahadhari moja ni ya lazima. Yapo matumbawe laini yanayofanana na vifungo vidogo vya rangi, yaitwayo zoanthidi, na baadhi yake yana sumu kali sana. Asiyashike mtu mwenye jeraha mkononi. Zivaliwe glavu na miwani. Mawe yenye viumbe hao yasichemshwe kamwe, kwani mvuke wake umekwisha kuwalaza watu hospitalini katika nchi za Ulaya na Marekani.

KAZI ZA KILA SIKU, NA UMEME UKIKATIKA

Kila asubuhi litazamwe joto, wahesabiwe samaki, na yajazwe maji baridi yaliyopungua. Chakula kitolewe kidogo, mara moja au mbili kwa siku, kiasi kinachomalizwa kwa dakika mbili. Makosa mengi ya wanaoanza hutokana na huruma: kila mgeni atakaye kulisha, na kila mtoto aongezaye kidogo. Ni vyema skuli iteue mtu mmoja wa zamu, na jina lake liandikwe ukutani.

Kila wiki isafishwe kioo, na ibadilishwe ndoo moja ya lita 10 kwa maji mapya yenye chumvi na joto linalolingana na la tangi. Kila mwezi pampu ifunguliwe na kusuguliwa.

Umeme nao utajwe. Wakaazi wa Unguja wanakumbuka kwamba mwaka 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi mmoja bila ya umeme, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa karibu miezi mitatu. Tangi haliwezi kungoja kiasi hicho. Pampu ikisimama, hewa ndani ya maji huanza kupungua kwa saa chache, na samaki ndio wa kwanza kuathirika. Iwepo pampu ndogo ya hewa ya betri, au sahani ya jua na betri yake. Isipokuwepo, maji yachotwe kwa kikombe na kumiminwa tena kutoka juu, kwa dakika kadhaa katika kila saa, kama alivyofanya mtumishi yule wa London. Wakati huo samaki wasilishwe. Matumbawe yanaweza kustahimili siku mbili tatu bila ya mwanga, lakini hakuna kiumbe kitakachostahimili kukosa hewa.

AMANA YA BAHARI

Mwisho, Ndugu Wananchi, kuna haki ya bahari yenyewe. Visiwa hivi vina sheria ya uvuvi ya mwaka 2010, na yapo maeneo ya hifadhi kama Ghuba ya Menai na mwamba wa Chumbe, ambao umefungwa kwa uvuvi tangu mwaka 1994. Kabla ya kutoa baharini kiumbe chochote hai kwa ajili ya tangi, mwananchi afike kwanza kwa maofisa wa uvuvi, aeleze anachotaka, na apate ruhusa. Matumbawe magumu, chaza wakubwa na farasi wa bahari wamo pia katika mkataba wa kimataifa wa CITES, na havuki nao mtu mpaka wa nchi bila ya hati.

Samaki asikamatwe kwa sumu. Katika nchi ya Ufilipino, tangu miaka ya 1960, wavuvi wa samaki wa mapambo walitumia sianidi kuwalevya samaki. Waliobaki mwambani walikuwa matumbawe yaliyokufa.

Kadhalika, kiumbe kilichokwisha kukaa tangini kisirudishwe baharini, hata kwa nia njema. Samaki simba, mwenyeji wa bahari hizi, alionekana katika pwani ya Florida mwaka 1985, na inaaminika alitoka kwenye matangi ya watu. Leo ameenea katika Bahari ya Karibi akiwamaliza samaki wadogo wa huko. Mwaka 1984 mwani mgeni ulionekana chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, ukaenea katika Bahari ya Mediterania. Asiyeweza kuendelea na tangi ampe mwengine anayeweza.

Kwa muhtasari: tangi lisiwe dogo mno, mawe yatoke nchi kavu, maji yapimwe, wiki sita zingojwe, samaki wawe wachache, na nyundo ibaki nyumbani. Atakayefuata hayo atakuwa na kioo ambacho wanawe watakaa mbele yake jioni, na siku watakapokwenda pwani wakati wa bamvua, watajua kuwa mwamba wanaoukanyaga ni hai, na wataondoa mguu.

Wananchi wenye maswali wanaombwa wafike kwa maofisa wa uvuvi wa wilaya zao wakati wa saa za kazi.